Asumini, stefanotisi au hoya: ipi ya kupanda kibarazani kwako Mtwara na Lindi

Swali linalorudi kila mara ni hili, nataka ua linalonukia, linalopanda kwenye grili au kamba, nikae nalo ndani au kibarazani, nichukue lipi? Na majibu mengi watu wanayopewa yametoka kwenye video za Ulaya, mtu ana madirisha ya vioo, ana hita, kisha anakwambia weka karibu na dirisha la kusini. Sa sisi wa Shangani, Chuno, Mikindani na Lindi mjini tuna neti dirishani, feni juu, upepo wa bahari na visima ambavyo sehemu nyingine maji yake yana chumvi. Ndo maana naiweka hapa mitatu pamoja, asumini, stefanotisi na hoya, nailinganisha kwa hali yetu, na ntasema wazi mi ningechukua ipi.

Kabla ya hiyo mitatu kuna miwili niiondoe kabisa maana inawapotezea watu hela. Wa kwanza ni ile yasmini ya kwenye picha za mtandaoni, tumba za pinki zimejaa, maua meupe yamefunika dirisha zima. Hiyo kitaalamu ni Jasminum polyanthum, asili yake China, na ili itoe tumba inataka wiki kadhaa za usiku wa baridi kweli, baridi ambayo Mtwara mjini hatuipati hata Julai kusi likivuma. Itaota, itapanda, itajaa majani mpaka utafurahi, ila maua huyaoni. Ukiwa Newala au Rondo kule juu unaweza kujaribu, pwani achana nayo. Wa pili ni Combretum indicum, ule unaochanua mweupe jioni, kesho yake pinki, halafu mwekundu, yaani kishada kimoja kinakuwa na rangi zote kwa pamoja. Unanukia vizuri sana usiku na joto letu unalipenda, lakini huo ni wa fensi, una nguvu mno, ukiuweka kwenye chungu utapambana nao kila mwezi na mwisho utaingia kwenye bati. Kama una uwanja na ukuta wa kufunika uchukue, kama una kibaraza tu uache.

Haya, tuanze na jua. Watu wanachagua kwa harufu kwanza halafu ndo wanatafuta pa kuweka, mi nasema geuza, angalia una jua gani ndo uchague harufu.

Asumini, hii yetu ya vikuba, vile vishada vya kunukia vya kuvaa kichwani au kifuani, Jasminum sambac, inataka jua la moja kwa moja, masaa sita kwa siku na zaidi. Ukiiweka sebuleni inarefuka, inakuwa vijiti vyembamba vyenye majani mapana ya kijani kizito na maua mawili matatu kwa msimu, halafu mtu analalamika mbegu mbaya. Si mbegu, ni jua. Kwa hiyo asumini kwa kweli si ya ndani, ni ya barazani, ya mlangoni, ya juu ya ukuta, ya kwenye paa la zege kama unalo. Stefanotisi ni tofauti. Kwao ni Madagaska, hapo ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji, na kule inapanda juu ya miti msituni, mizizi iko kivulini kwenye udongo wa majani yaliyooza, kichwa ndo kinafuata mwanga. Inataka mwanga mwingi sana lakini jua lenyewe liishie saa nne asubuhi, au lianze tena saa kumi na moja jioni. Jua la saa sita na saa saba la Novemba linaunguza majani, unaona mabaka ya njano yanageuka kahawia na hayaponi tena. Hoya inavumilia kivuli kuliko zote, unaweza kuiacha hata mita mbili kutoka dirishani isife, ila kuishi na kuchanua ni mambo mawili, ukitaka maua isogeze karibu na mwanga kama ya stefanotisi.

Na hapa kwenye dirisha naomba msikilize vizuri kwasababu ndo watu wengi wanapokosea. Wazungu wakisema dirisha la kusini wanamaanisha dirisha lenye jua kwa kwao, maana wao wako kaskazini ya dunia. Sisi tuko nyuzi kama 10 kusini ya ikweta. Jua linatupita utosini karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 20 Februari. Kati ya hapo, yaani Novemba mpaka Februari, jua la mchana liko upande wetu wa kusini, miezi mingine yote liko upande wa kaskazini, na Juni ndo limeinama zaidi na kuingia ndani kabisa ya baraza linalotazama kaskazini. Kwa hiyo chungu ulichokiweka Agosti kwenye dirisha la kusini kwa raha zako, Desemba kinaweza kuungua kama hakuna upenu. Dirisha la mashariki ndo salama kwa stefanotisi na hoya mwaka mzima, la kaskazini lenye upenu mpana linafaa pia, la magharibi bila kivuli hapana. Asumini wewe iweke popote palipo peupe.

Kwenye maji tofauti ni kubwa zaidi ya watu wanavyodhani. Asumini kwenye chungu miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, joto limeanza na mvua bado, inataka maji kila siku, na kama chungu ni kidogo na kusi bado linapiga unaweza kumwagilia asubuhi na jioni. Ikinyauka inarudi ukiwahi, ila tumba zote zilizokuwa njiani zinakauka. Stefanotisi inataka unyevu usiozidi, weka kidole kwenye udongo, juu pakikauka kwa pingili moja ya kidole ndo umwagilie mpaka yatoke chini, halafu uache. Usiiache ikauke kabisa na usiiache ikae kwenye sahani ya maji, zote mbili zinadondosha tumba. Hoya ndo rafiki wa mtu anayesafiri, majani yake ni manene yanatunza maji, inakaa wiki nzima na zaidi bila kumwagiliwa, na kinachoua hoya nyingi ni huruma, mtu anamwagilia kila siku mizizi inaoza. Wa Newala na Tandahimba, ambako maji ya ndoo mnayajua bei yake, mi siwezi kuwashauri asumini tatu za kwenye vyungu wakati wa kiangazi, chukueni hoya mkae na amani.

Kuhusu chumvi, kama kisima chako ukionja maji yana chumvi, usiyatumie kwenye chungu, ardhini chumvi inashuka na mvua lakini kwenye chungu inabaki na kujilimbikiza, ncha za majani zinakuwa kahawia, halafu ukingo mzima, halafu jani linadondoka. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili kwenye pipa lenye mfuniko, na mara moja moja mwagilia chungu maji mengi baridi ya mvua yapite mpaka chini kuosha hiyo chumvi. Na sahani za chini ya vyungu mwaga maji yake, mbu wanataga humo.

Sasa harufu, maana ndo tumekuja kwa ajili yake.

Asumini ni ua la usiku mmoja. Tumba nene inafunguka jua likizama, harufu inapanda baada ya magharibi na kuendelea usiku, asubuhi bado ipo, mchana ua limechoka linageuka kuwa na wekundu wekundu na kudondoka. Wachina wanaotia majani ya chai harufu ya asumini wanatumia tabia hiyohiyo, wanachuma tumba mchana, usiku wanazichanganya na chai zikifunguka, asubuhi wanazitoa. Na bibi zetu pwani wanafanya vilevile kwenye vikuba bila kufundishwa na mtu, tumba zinachumwa jioni zikiwa nono na nyeupe bado zimefunga, zinafungwa pamoja na rehani na vingine, zikifika kichwani au kifuani ndo zinafunguka. Kwa hiyo kama unachotaka ni harufu ya kuchuma, ya kikuba, ya kutawanya kitandani kwa maharusi, ya kuweka kwenye sahani karibu na mto, hakuna mjadala, ni asumini, hiyo mingine miwili haifiki hapo. Mti mmoja ukiwa na jua na samadi unatoa tumba kila siku kwa wiki nyingi mfululizo, unapumzika kidogo, unatoa tena. Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934 na ukiwa nayo mlangoni unaelewa kwa nini. Kuna ya tabaka moja na kuna ile ya tabaka nyingi ambayo ua lake linafanana na waridi dogo, hii ya tabaka nyingi inanukia sana lakini inakua taratibu, ina vijiti vigumu, haipandi, kwa hiyo kama lengo ni kufunika grili chukua ya tabaka moja au mbili.

Stefanotisi harufu yake inakaa kwenye mmea. Ua ni mrija mweupe wenye nta, ncha tano, yanatoka kwa vishada kwenye maungio ya majani, na kila ua linakaa wiki na zaidi bila kunyauka. Linanukia mchana pia ila jioni linazidi. Harufu ni tamu lakini si ya kukaba, inafanana kiasi na ya asumini ila nyepesi, na kishada kimoja kinatosha kwa chumba cha kawaida. Huko Ulaya na Marekani ni ua la mashada ya bibi harusi, kwasababu halibadiliki rangi haraka na halilegei, na Hawaii wanalitia kwenye mashada ya shingoni. Hapa kwetu wapambaji wa harusi wangekuwa na miti mizima ya stefanotisi wasingehitaji maua ya plastiki kiasi hiki, hilo nalisema kwa moyo wote, ni ua linalostahimili joto la ukumbi na picha zake zinatoka vizuri.

Hoya inategemea umepata aina gani. Hoya carnosa, ile ya kawaida, inatoa mpira wa vinyota vya pinki na kati pana nyota nyekundu, inanukia usiku, utamu wa sukari na kidogo kama chokoleti kwa pua za wengine. Hoya lacunosa ina maua madogo meupe yenye manyoya na harufu yake ni ya viungo, mdalasini hasa. Ila kuna aina hazinuki kabisa na muuzaji hakwambii. Na kuna jambo la utomvu wa maua, hoya inadondosha asali, matone yanayonata, ukiining'iniza juu ya kochi utalifuta kila asubuhi na sisimizi watapata njia mpya ndani ya nyumba. Iweke juu ya sakafu.

Ukilala chumba kimoja na ua la usiku na una pumu au kichwa kinakuuma na manukato, weka mmea barazani nje ya dirisha, harufu itaingia na upepo kwa kiasi chake. Watoto na paka si tatizo, hakuna hata mmoja kati ya hii mitatu unaohesabiwa kuwa na sumu, ila utomvu mweupe wa stefanotisi na hoya unaweza kuwasha ngozi na macho, nawa mikono baada ya kukata. Alamanda lile ua la njano linalopandishwa kwenye mageti mengi hilo ndo lina sumu, msichanganye.

Udongo. Mchanga wa pwani usiutie kwenye chungu, una chumvi, una vipande vya kome na matumbawe, na hivyo vinaufanya udongo kuwa na chokaa. Zote tatu hazipendi chokaa, asumini ndo inaonesha haraka, majani mapya yanatoka ya njano na mishipa imebaki ya kijani. Ukiona hivyo usikimbilie mbolea, angalia kwanza umeweka nini chini ya chungu, watu wa Shangani na Mikindani mna tabia ya kuweka kokoto za matumbawe ili maji yatoke, toa weka vipande vya tofali au vigae. Mchanganyiko wa asumini na stefanotisi ni udongo mwekundu wa shamba sehemu moja, samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa sehemu moja, mchanga wa mtoni ule mkubwa sehemu moja, kwa stefanotisi ongeza na majani yaliyooza chini ya mwembe. Hoya haitaki udongo hivyo, kwao nyingi zinaota juu ya miti, itengenezee makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, mkaa mdogomdogo na samadi kidogo sana. Makumbi mabichi yaloweke kwanza kwenye ndoo siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka yaache kutoa rangi ya chai, yana chumvi na ule ukakasi. Nazi tunazo, makumbi tunayatupa, sioni sababu ya mtu kuagiza udongo wa pakiti kutoka Dar. Maganda ya korosho ndo usiyaweke kabisa, wengine wanatandaza juu ya chungu wakidhani ni mapambo, yale yana mafuta yanayounguza ngozi, huna haja ya kitu kile kwenye chungu unachoshika kila siku.

Kwa mbolea, asumini inakula sana, mpe samadi kila mwezi wakati wa joto, hizo mbili kidogo tu. Yuria kwa yoyote kati ya hii inakuletea majani na kukunyima maua.

Tabia za kuchanua zinatofautiana na hapa ndo pana siri za kila mmoja. Asumini inatoa maua kwenye vitawi vipya, kwa hiyo inataka kukatwa, kila awamu ya maua ikiisha punguza vitawi theluthi hivi na itachipua na kuleta tumba nyingine. Mtu anayeogopa mkasi atapata mti mrefu usio na kitu. Stefanotisi pia inachanua kwenye sehemu mpya lakini kata kidogo tu, ondoa vilivyokauka na vilivyosongamana, na jambo lake kubwa ni kwamba haitaki kuhamishwa. Ikishaanza kuonesha tumba, usigeuze chungu, usikisogeze dirisha lingine, usikipeleke sebuleni wageni wakaone, mwanga ukibadilika upande inaangusha tumba zote, na upepo wa AC ukipiga moja kwa moja nao unafanya hivyohivyo. Tengeneza kiduara cha waya au vuta kamba ya katani kwenye grili mapema, uzungushe vitawi vikiwa bado laini. Kwa huku kwetu tegemea maua yake zaidi miezi ya joto, na mwaka wa kwanza baada ya kupanda usidai. Mara nyingine itakufanyia tunda, kubwa la kijani, linakaa miezi mingi halafu linapasuka na mbegu zinaruka na sufi yake, wala usidhani ni ugonjwa.

Hoya yenyewe inataka kubanwa, chungu kidogo, na ule mkia mrefu usio na majani unaotoka usiukate, ndo unaotafuta pa kushika. Na kikonyo kilichotoa maua maua yakidondoka kiache hapohapo, maua ya awamu ijayo yanatoka kwenye kikonyo kilekile, ukikikata umekata maua ya mwakani. Hiyo nayo inaweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza. Asumini kwa upande wake ukipanda kipandikizi chenye afya Desemba, mwaka hauishi bila kunusa kitu.

Wadudu ni wale tunaowajua. Vidung'ata, vile vya unga mweupe kwenye maungio, vinapenda stefanotisi na hoya kupita kiasi, wafute na pamba yenye spiriti, rudia kila wiki. Asumini inapata nzi weupe, vidukari, na kiangazi utitiri unaofanya majani yawe na vidoti na kupoteza rangi. Maji ya presha chini ya majani asubuhi na sabuni ya maji kidogo inasaidia sana. Salfa ya mikorosho, ambayo Mtwara haikosekani, inaua utitiri na ukungu mweupe wa majani, lakini ipige jioni kukiwa kumepoa na kwa kiasi kidogo, ukiipiga kwenye jua kali inaunguza majani, na usiipige kwenye maua ya kuchuma kwa kikuba. Funga pua. Kitu kimoja wengi hawakiangalii ni sisimizi na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoishi juu ya miti. Maji moto kwenye mkorosho na mnazi ni walinzi wazuri, wanafukuza wadudu wanaonyonya korosho, ila kwenye mmea wa chungu wanafuga vidung'ata na wadudu gamba kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa, ukiwaona wanapanda na kushuka kwenye kamba ya stefanotisi yako, fuata njia yao utakuta zizi lao.

Kununua. Asumini usinunue, omba. Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, nyumba za wazee zinayo, unabisha hodi, unamwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, unaomba vijiti vinne vitano vya unene wa penseli, anakupa na maelekezo juu, na ukimrudishia siku moja sahani ya tumba atafurahi kuliko hela. Stefanotisi ni ngumu kuipata huku, mara nyingi inatoka kwenye bustani za miche Dar, mpaka Mtwara inasafiri zaidi ya kilomita 550 kwenye basi, na hapo kati utapeli na kuchanganya majina kupo. Muuzaji akikwambia hii ndo stefanotisi, mwombe akukatie jani moja mbele yako au akutumie video anakata. Stefanotisi na hoya zinatoa utomvu mweupe wa maziwa, asumini haitoi kitu. Halafu shika jani, la asumini si nene, halina mng'ao mkubwa, limejikunja kidogo pembeni, la stefanotisi ni gumu kama ngozi, linang'aa, kijani kizito, la hoya ni nene lina nyama. Vipimo viwili hivyo vinakuepusha na mengi. Na lile jani moja la umbo la moyo linalouzwa kwenye kikopo, Hoya kerrii, likiwa jani peke yake bila kipande cha shina chenye jicho halitapanda popote hata ulisubiri miaka, litabaki jani. Hata uking'oa kipandikizi cha hoya kwa rafiki hakikisha kina angalau vifundo viwili.

Sasa niseme mi ningechukua ipi. Mwenye baraza au mlango wenye jua Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, achukue asumini na asiangalie nyuma, haina gharama, inajibu haraka, harufu yake ina kazi kwenye maisha yetu, na ikifa ni rahisi kuomba nyingine. Stefanotisi naipenda sana, kwangu ndo nzuri kuliko zote kwa macho, lakini ni ya mtu mtulivu anayekaa nyumbani, mwenye dirisha la mashariki na moyo wa kutokihamisha chungu, na kama unapamba harusi au una saluni ya maharusi nakusihi uipande kwa ajili ya kazi. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha dogo, mwalimu anayeondoka likizo, mfanyakazi wa zamu, na wenzetu wa juu Newala, hoya, ila nunua iliyokwisha kuchanua uinuse mwenyewe. Mwenye nafasi ya viwili achukue asumini nje na stefanotisi ndani ya upenu, zinapeana zamu, moja ya kuchuma moja ya kukaa nayo.

Wakati wa kupanda usiupuuze. Vijiti vya asumini vichomeke mvua zikishaanza vizuri, Desemba au Januari, kivulini, ndani ya wiki nne mpaka sita vimeshika. Hoya hata kwenye chupa ya maji inatoa mizizi muda wowote wa joto. Stefanotisi ukiikata acha maziwa yakauke kwanza, na uwe na subira miezi miwili au zaidi, wengi wanang'oa kuangalia mizizi na hapo ndo wanaiua. Kama unaagiza mche kutoka Dar, agiza Mei au Juni hali ya hewa imepoa, si Oktoba ambapo ndani ya buti la basi unachemka. Ikifika usibadilishe chungu siku hiyohiyo, iweke kivulini penye hewa wiki mbili, kagua maungio ya majani kama kuna unga mweupe, mwagilia kidogo, halafu ipeleke pale ulipopachagua na uiache hapo. Jani jipya likifunguka ndo uanze kuipa mbolea.